Njia Mbili Hazikumshinda Fisi

Fisi ndiye shahidi anayeitwa kila mara mwongozaji wa filamu wa Nairobi anapoacha aina moja ya filamu na kushika nyingine. Mwaka juzi alitoa filamu ya mapenzi, mwaka jana akatoa filamu ya makala kuhusu mauaji, na sasa kuna fununu kwamba anaandika hadithi ya miaka mia moja ijayo, yenye mitambo na majangwa. Wajuzi hutikisa vichwa na kukumbushana kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Usemi huo una wafuasi katika mikahawa ya Ngong Road, ambako muswada husomwa mbele ya kikombe kimoja cha chai kinachonywewa kwa saa tatu. Una wafuasi kwenye warsha za uandishi, tena umejificha ndani ya fomu za kuomba ufadhili, zinazomtaka msanii aseme kwa sentensi moja kwamba yeye ni msanii wa nini. Imani yenyewe ni hii: mwongozaji wa kweli ana shamba moja na hulilima hadi kufa, anayehamahama hana sauti yake, au ana njaa. Naipinga imani hiyo. Sinema ya Kihindi, ambayo Nairobi imeitazama kwa vizazi, inaikana. Kazi za waongozaji wetu wenyewe zinaikana. Hata wahakiki wanaodhaniwa kuwa ndio walioizaa wangeikana mchana kweupe.

Tuanze na fisi, maana amesingiziwa. Katika ngano yake, harufu ya nyama ilimjia kutoka njia mbili akashindwa kuchagua. Akaweka miguu ya kushoto huku na ya kulia kule, akaenda hivyo hivyo hadi akapasuka msamba. Kilichomuua ni kutaka kuzishika zote kwa wakati mmoja. Angefuata ya kwanza, akala, akarudi kwenye njia panda na kuishika ya pili, ngano ingekosa mazishi. Mwongozaji naye hatengenezi filamu mbili kwa mguu mmoja huku na mwingine kule. Humaliza ya vichekesho, akalipa madeni yake, ndipo akaanza ya maombolezo. Kumhukumu kwa methali hiyo ni sawa na kumshtaki mkulima kwa kupanda maharagwe baada ya kuvuna mahindi, ilhali wakulima wa Kikuyu na Limuru, hapo juu tu ya Waiyaki Way, wanajua kuwa shamba lisilobadilishiwa zao huchoka. Kosa la msingi la imani hii ni kuchanganya utanzu na kauli. Utanzu ni ahadi anayopewa mtazamaji mlangoni: utacheka, utalia, utaogopa. Kauli ni swali linalomnyima msanii usingizi. Ahadi inaweza kubadilika kila mwaka na swali lisisogee hata inchi moja.

Ushahidi wa kwanza unatoka Bombay, ila si mgeni kwetu. Ukumbi wa Shan kule Ngara, ambao leo ni Sarakasi Dome, ulikuwa kituo cha filamu za Kihindi, na hadi sasa filamu hizo zina wateja wa uhakika upande wa Westlands na Parklands. Miongoni mwa waliozitengeneza, anayefaa kutazamwa kwa makini ni Yash Chopra. Aliongoza filamu zaidi ya 20, kuanzia Dhool Ka Phool ya mwaka 1959 hadi Jab Tak Hai Jaan, iliyotoka wiki chache baada ya kifo chake cha Oktoba 2012. Hebu fuata nyayo zake. Mwaka 1961 alitoa Dharmputra, tamthilia kali kuhusu chuki za kidini wakati India ikigawanywa. Mwaka 1965 akatoa Waqt, filamu ya familia iliyojaa nyota. Mwaka 1969 akatoa Ittefaq, hadithi ya mauaji isiyo na wimbo hata mmoja, katika tasnia ambayo filamu bila nyimbo ni kama pilau bila bizari. Mwaka 1975 ikaja Deewaar, ya bandari na magendo, na mwaka mmoja tu baadaye mwigizaji Amitabh Bachchan yuleyule aliyekuwa mfanyamagendo akawa mshairi wa mapenzi katika Kabhi Kabhie. Mwaka 1979 Chopra alishuka mgodini na Kaala Patthar, iliyotokana na maafa ya mgodi wa makaa ya mawe wa Chasnala ya mwaka 1975. Mwaka 1989 alipanda milima ya Uswisi na Chandni, filamu ya mapenzi matupu. Mwaka 1993 akatutia hofu na Darr, kuhusu mwanamume anayemwandama mwanamke asiyemtaka.

Kwa mizani ya mikahawa ya Ngong Road, huyo ni mtu asiyejua anachotaka. Sasa ziweke filamu hizo mezani pamoja. Chopra alizaliwa Lahore mwaka 1932, akawa kijana wa miaka 14 India ilipogawanywa Agosti 1947 na mji wake ukaangukia Pakistani. Tangu hapo kila alichogusa kilikuwa na nyumba iliyovunjika. Katika Dhool Ka Phool, mtoto aliyetupwa analelewa na Mwislamu ambaye si damu yake. Katika Waqt, tetemeko la ardhi linawatawanya wazazi na watoto wao watatu. Katika Trishul, kijana anarudi kumlipiza kisasi baba aliyemkana mama yake. Katika Veer-Zaara ya mwaka 2004, mpaka wa nchi mbili unawatenganisha wapendanao kwa miaka 22. Na katika Deewaar kuna kile kikao cha ndugu wawili, usiku, chini ya daraja walilolala utotoni walipokuwa hawana pa kwenda. Mmoja amevaa sare ya polisi, mwingine suti ya tajiri wa magendo. Tajiri anaorodhesha mali yake, majumba na magari na pesa za benki, kisha anamuuliza mdogo wake ana nini. Jibu ni fupi, nalo ni mama. Hata yule mwandamaji wa Darr hushika simu na kuongea na mama yake, na baadaye ndipo tunapotambua kwamba mama huyo alishafariki zamani. Magendo, mgodi, mapenzi, hofu: tanzu zilipita kama wapangaji, mwenye nyumba alibaki mmoja, na nyumba yenyewe ilikuwa na ufa ule ule.

Huenda mtu akasema Wahindi wana mila yao, kwamba filamu moja ya saa tatu hubeba mapenzi, vita, kesi mahakamani, mzaha na machozi ya mama, kwa hiyo mwongozaji wao amezoea kuchanganya. Ni kweli, na ukweli huo unanisaidia mimi. Mtazamaji wa Nairobi alilelewa na mchanganyiko huo. Alijifunza kucheka na kulia katika kikao kimoja bila kuuliza yuko katika utanzu gani. Msikilize DJ Afro, ambaye sauti yake imewafikia watu wa vibanda vya video zaidi kuliko sauti ya mhakiki yeyote. Huchukua filamu ya mapigano kutoka ng'ambo, akaisimulia upya kwa Kiswahili chenye utani, na watu wakacheka mahali ambapo mwongozaji alikusudia waogope. Hadhira inayoweza kufuatilia mchezo wa namna hiyo haihitaji kulindwa dhidi ya msanii anayebadilisha mwendo. Wanaodai kwamba watazamaji watapotea wakimwona mwongozaji wa mapenzi akitengeneza filamu ya kisayansi wanasema mambo ambayo watazamaji wenyewe hawajayasema.

Basi imani hii ilitoka wapi? Wengi wanaoitetea kwa lugha ya kisomi huitegemeza kwenye jarida la Kifaransa la Cahiers du Cinéma, ambako katika miaka ya 1950 François Truffaut na wenzake walishikilia kwamba mwongozaji ndiye mwandishi halisi wa filamu, na kwamba alama ya mkono wake lazima ionekane katika kila kazi. Kutokana na hoja hiyo watu wakakata njia ya mkato: alama moja, basi utanzu mmoja. Lakini angalia vijana hao wa Paris walimtukuza nani. Mmoja wa miungu yao alikuwa Howard Hawks wa Hollywood, aliyetengeneza filamu ya majambazi, Scarface, mwaka 1932. Kichekesho cha chui wa kufugwa, Bringing Up Baby, mwaka 1938. Ya upelelezi, The Big Sleep, mwaka 1946. Ya wachunga ng'ombe, Red River, mwaka 1948. Na ya nyimbo na almasi, Gentlemen Prefer Blondes, mwaka 1953. Walimpenda hasa kwa sababu alibadilisha kila kitu na bado ukamtambua. Kwao, kuhamahama kulikuwa ndio mtihani. Mwenye sauti hutambulika katika nyumba yoyote anayoingia. Asiye na sauti hutegemea fanicha. Kwa hiyo anayewataja Wafaransa ili kumfunga msanii kwenye utanzu mmoja amelisoma jalada akaacha kitabu.

Turudi nyumbani. Judy Kibinge alitoka kwenye kazi ya matangazo ya biashara, ambako mtu hufunzwa kusimulia kisa kizima kwa nusu dakika. Mwaka 2002 akaongoza Dangerous Affair, akiwa na Nini Wacera kati ya waigizaji wake, kuhusu mapenzi na usaliti miongoni mwa vijana wa Nairobi wenye mishahara na magari. Kwa wakati ule lilikuwa jambo geni, kwani filamu nyingi zilizopigwa Kenya zilijua wanyama, wakoloni na maskini, hazikumjua Mkenya anayetoka ofisini Ijumaa jioni akitafuta pa kunywea. Mwaka 2004 akafuata na kichekesho, Project Daddy. Mwaka 2008 akatoa Killer Necklace, filamu fupi kuhusu kijana, msichana na mkufu unaotamaniwa. Mwaka 2013 ikaja Something Necessary, kuhusu Anne, muuguzi aliyempoteza mume katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na Joseph, kijana aliyekuwa katika genge lililovamia boma lake. Mwaka 2015 akatoa Scarred, filamu ya makala kuhusu mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, ambapo wanaume wa Kisomali wa Wajir walikusanywa na wanajeshi katika uwanja wa ndege ulioko jangwani. Katikati ya hayo alianzisha Docubox, hazina ya kuwasaidia watengenezaji wa filamu za makala wa Afrika Mashariki, ambayo mkono wake umo katika kazi kama Softie ya Sam Soko ya mwaka 2020.

Kutoka usaliti wa mapenzi hadi Wagalla ni mbali, na mtu anaweza kuapa kwamba ni wanawake wawili waliotengeneza kazi hizo. Lakini uliza swali moja tu: katika kila filamu, ni nini kinachofichwa? Katika Dangerous Affair ni siri za ndoa. Katika Killer Necklace wapendanao wawili wanafichana maisha yao halisi. Katika Something Necessary kijana anabeba alichokitenda na hana pa kukitua. Anatafuta namna ya kulipa bila kukiri. Katika Scarred aliyeficha ni serikali, na siri yake ina ukubwa wa uwanja wa ndege. Serikali ilikiri vifo 57, walionusurika wakaendelea kusema kwamba wafu wao hawahesabiki hivyo. Kibinge amekuwa akitengeneza filamu moja maisha yake yote, filamu kuhusu siri na gharama ya kuibeba. Tena hakubadilisha tanzu kwa kutangatanga. Siri yenyewe ndiyo iliyomlazimisha. Ya ndoa inafaa kisa cha mapenzi, kwa kuwa wanaoumia ni watatu au wanne na tunataka kuziona nyuso zao zikibadilika. Ya genge inafaa tamthilia, kwa kuwa hakuna mkosaji atakayesimama mbele ya kamera aseme ni mimi, kwa hiyo mwigizaji lazima aseme kwa niaba yake. Ya dola inataka filamu ya makala, kwa kuwa hapo mtazamaji ana haki ya kumwona mzee halisi na kovu halisi. Angeng'ang'ania utanzu mmoja, swali lake lingekwama kwenye kizingiti cha chumba cha kulala.

Ushahidi wa pili wa nyumbani ni Wanuri Kahiu. Mwaka 2008, miaka kumi baada ya bomu la Agosti 7, 1998 lililoua zaidi ya watu 200 kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, alitoa From a Whisper, tamthilia ya huzuni kuhusu Tamani, msichana msanii ambaye bado anamtafuta mama yake. Filamu hiyo ilizoa tuzo za AMAA mwaka 2009, ikiwamo ya mwongozaji bora. Ungedhani amepata shamba lake. Mwaka huo huo akatoa kazi mbili zisizofanana hata kidogo: For Our Land, ya makala kuhusu Wangari Maathai, na Pumzi, filamu fupi ya dakika zipatazo 20 kuhusu dunia iliyokauka baada ya vita vya maji, ambamo watu huchuja jasho na mkojo wao ili wanywe. Asha, mtunza makavazi, anapata udongo wenye dalili ya uhai. Anapanda mbegu, inachipua, wakubwa wanamkataza kutoka nje, anatoroka. Mwisho wake tunamwona jangwani akiumwagilia mche maji yake ya mwisho, akiukamulia na jasho, kisha akijilaza kuukinga jua kwa mwili wake. Linganisha na mwanamke wa ile filamu ya makala, aliyeanzisha upandaji miti mwaka 1977 na mwaka 1989 akasimama peke yake, licha ya kejeli za wabunge, kuzuia jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park. Ni mtu mmoja aliyechorwa mara mbili, mara ya kwanza akiwa hai na mara ya pili akiwa ndoto. Yule wa makala anatwambia jambo hili lilitokea. Yule wa kisayansi anatwambia litakalotokea tusipomsikia wa kwanza. Hakuna utanzu ambao peke yake ungeyasema yote mawili.

Mwaka 2018 Kahiu huyo huyo akatoa Rafiki, kutoka hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, kuhusu wasichana wawili wanaopendana ilhali baba zao ni wapinzani wa kisiasa mtaani. Ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, na Bodi ya Kuainisha Filamu ikaipiga marufuku. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu akaisimamisha marufuku kwa siku saba, na watu wakapanga foleni Prestige Plaza, Ngong Road, tiketi zikaisha. Vyovyote mtu anavyoiona mada yake, foleni ile inajibu dai kwamba mwongozaji aliyehamahama hupoteza watu. Waliofika hawakuuliza iwapo aliyetengeneza kisa cha mapenzi chenye rangi za waridi ndiye aliyetengeneza jangwa la Pumzi. Nao wangeuliza, wangemkuta Asha humo humo: msichana anayeambiwa mlango umefungwa, akatoka.

Wapinzani wangu wana hoja tatu nzuri, nami sitaziruka. Ya kwanza ni ya ufundi. Kuchekesha kuna saa yake, kutisha kuna saa yake, na mtu huhitaji miaka kuzijua. Je, anayehama hawi mwanafunzi milele? Humtaja Ozu wa Japani kwa tamthilia zake tulivu za familia, na Hitchcock kwa filamu za taharuki. Ni kweli kwamba urudiaji hunoa kisu. Lakini hata mashahidi hao si wa kutegemewa sana. Kabla ya utulivu wake, Ozu alitengeneza vichekesho vya wanafunzi na, mwaka 1933, filamu ya majambazi iitwayo Dragnet Girl. Hitchcock naye aliwahi kutengeneza kichekesho cha ndoa, Mr. & Mrs. Smith, mwaka 1941. Zaidi ya hayo, walikuwa na studio zilizowapa kazi mwaka baada ya mwaka, pamoja na mafundi wale wale, kwa hiyo waliweza kurudia na kusahihisha. Mwongozaji wa Nairobi anaweza kukaa miaka minne au mitano kati ya filamu moja ndefu na nyingine. Kwake yeye ufundi haukui kwa kungoja zamu ya utanzu wake irudi. Unakua kwa kufanya kazi iliyopo, iwe tangazo, kipindi cha televisheni, filamu fupi au makala. Na ujuzi husafiri. Aliyewahi kumhoji mjane halisi kwa saa mbili anajua mwigizaji wake anapoigiza kilio cha uongo. Aliyetengeneza kichekesho anajua kwamba hata mazishini kuna mtu atakayejikwaa.

Hoja ya pili ni ya njaa. Wanasema wasanii wetu hawahami kwa sababu ya swali lolote la ndani, wanafuata pesa. Leo mfadhili anataka amani, kesho anataka mazingira, keshokutwa jukwaa la mtandaoni linataka mapenzi. Nakubali kwamba kodi ya nyumba ya Kilimani hailipwi kwa falsafa. Lakini tazama vizuri pesa hiyo inavyofanya kazi. Kwa muda mrefu iliyokuja Nairobi kutoka ng'ambo ilikuwa na utanzu inaoupenda, nao ni dhiki: kijana wa mtaa wa mabanda, bunduki, ugonjwa, machozi, na somo mwishoni. Zimetoka humo kazi nzuri, sikatai. Ila anayemwambia msanii wa Nairobi ashike njia moja asijidanganye kwamba njia hiyo itachaguliwa na msanii. Imeshachaguliwa na kuwekwa lami, na kibao kimesimamishwa. Ndiyo maana Kahiu amekuwa akitetea kile anachokiita Afrobubblegum, yaani haki ya sanaa ya Kiafrika kuwa na furaha, ukali na ndoto bila kulazimika kufundisha au kusikitisha. Hapa kwetu kuhama utanzu mara nyingi ndiko kukataa kupangiwa, na wanaoita kuhama huko tamaa wanaisaidia tamaa yenyewe.

Hoja ya tatu ni ya kushindwa. Si kila kuhama kunafaulu, na anayehama hupoteza alichokijenga. Ni kweli: Silsila ya Chopra ya mwaka 1981 haikuuza kama ilivyotarajiwa, na Lamhe ya mwaka 1991 iliangushwa na watazamaji wa India. Leo zote mbili zinahesabiwa kati ya kazi zake zinazopendwa zaidi. Lakini tazama ni ipi iliyoanguka na haijainuka. Mwaka 1988 Chopra, akiwa amechoka na akitaka usalama, alirudi kwenye kile alichokijua, akatoa Vijay: familia tajiri, visasi vya vizazi, nyota tele, harufu ya Trishul ya miaka kumi nyuma. Ikafa, na ni wachache wanaoikumbuka. Kilichomfufua ni kuondoka: mwaka uliofuata akatoa Chandni. Kukaa kwenye shamba moja nako huua, isipokuwa kifo chake hakina kelele, na mazishi yake hayaendi na methali. Waongozaji wanaorudia hawaitwi fisi. Huitwa wazoefu, mpaka siku ukumbi unapobaki na viti tu.

Kazi ya Kahiu ya mwaka 2022 ndiyo ambayo watetezi wa shamba moja wangeishika kwanza: Look Both Ways, filamu ya mapenzi na vichekesho ya Netflix, iliyowekwa Marekani na kuigizwa na Lili Reinhart. Wahakiki hawakuipokea kama walivyoipokea Rafiki, nami nakiri kwamba ni nyepesi kuliko zilizoitangulia. Hata hivyo angalia kisa chenyewe. Msichana anapima mimba usiku wa mahafali, na kuanzia hapo filamu inagawanyika. Katika maisha ya kwanza ni mjamzito, anabaki Texas na kulea; katika ya pili si mjamzito, anakwenda Los Angeles kutafuta kazi ya uchoraji. Tunazifuata njia zote mbili, hatua kwa hatua, mpaka mwisho, na katika kila moja anaumia, anafanya kazi, anafika. Hakupasuka msamba, kwa sababu hakuna saa ambayo aliombwa kuwa pote kwa pamoja. Sidhani Kahiu alikuwa akiwajibu wajuzi wa Ngong Road alipokubali kazi hiyo, lakini wamejibiwa. Kwa hiyo mwongozaji atakapohama tena, na atahama, tuache kumhesabia njia. Tuzitandike filamu zake pamoja, ya kuchekesha kando ya ile ya mauaji, tutafute ufa ule unaorudi katika kila nyumba. Usipokuwepo, basi tumhukumu kwa kukosa la kusema, na hukumu hiyo itakuwa ya haki hata kwa yule ambaye hajawahi kuondoka shambani mwake.